Gololi Moja kwenye Pipa la Zambarau

Kipindi cha kampeni, uani kwa Nyaling Kujabi hapakuwa na pa kutemea mate. Asubuhi walijaa wanawake wa bustani, mchana wapiga ngoma, jioni wazee wenye koo kavu waliokuja kuulizia hali tu, na wakaulizia hali hiyo hiyo mpaka birika la ataya, ile chai kali ya kijani, likaoshwa. Sufuria kubwa lililokuwa limefunikwa tangu aliporudi kijijini Kabakori lilitolewa utando wa buibui, likapanda jikoni kila siku kama la arusi. Akipiga chafya, watu wanamwombea dua. Akisema neno la kawaida kabisa, kama vile leo kuna jua, watu wanapiga makofi.

Na mwenyewe alizoea. Binadamu huzoea upesi kupendwa, kuliko hata kuzoea chumvi.

Maana kabla ya hapo Nyaling alikuwa akila peke yake. Kwa kabila lake la Wajola, kula peke yake, bakuli moja mkono mmoja, ni jambo la kumfanya jirani ateremshe sauti anapopita. Lakini angefanyaje? Mumewe, karani wa bandarini, walimzika Bakau. Watoto wako Hispania, wanapiga simu Ijumaa, wanauliza, "Mama, hujambo?" na mtandao unakatika kabla hajajibu kama hajambo ama ana jambo. Akafunga nyumba ya mjini, akarudi kwenye ua wa baba yake, akiwa na matumaini kwamba kijiji kitamkumbuka. Kijiji kilimkumbuka wiki nzima. Baada ya hapo alibaki na wifi yake Kombeh, mjane wa kaka yake, wa nyumba ya pili, ambaye mdomo wake haukufungwa tangu uzazini.

Ugombea haukuwa wazo lake. Ulianzia matopeni. Tuta la kuzuia maji ya chumvi lilikuwa limebomoka, mto ukapanda ukaingia mashamba ya mpunga, na mpunga ukafa ukiwa kijani. Mbunge wao, Yusufa Tamba, alikuwa ameahidi tuta hilo mara mbili, kila mara kwa sauti nzuri zaidi. Basi siku moja wanawake wamesimama, chumvi imewafika magotini, mmoja akasema, "Huko Bunge la Banjul wako watu wangapi? Hamsini na watatu wanachaguliwa, watano rais anawateua, na wanawake waliomo wanaenea mkeka mmoja wa kuswalia. Tumpeleke wetu."

"Nani?"

Wakatazamana. Fulani hajui kusoma. Fulani mumewe hataki. Fulani ana mimba. Macho yakazunguka, yakamkuta Nyaling, mwenye shule, asiye na mume wala mimba wala kazi ya maana.

"Shangazi Nyaling!" wakapiga kelele, na matope yakaruka. Siku hiyo walimwimbia mpaka nyumbani. Yeye akadhani wamemchagua kwa mapenzi. Hakuwaza kwamba mtu huchaguliwa pia kwa kuwa ndiye peke yake aliyekaa bure.

Tume ya uchaguzi ikampa pipa la kura la rangi ya zambarau na alama ya kopo la kumwagilia bustani. Yusufa Tamba alikuwa na pipa jeupe na alama ya jogoo. Wagombea wakawa wawili tu. Wiki ya mwisho Yusufa akaja na lori la mchele wa kutoka Asia, mweupe, usio na harufu, akaugawa nyumba kwa nyumba kwa watu wale wale ambao mpunga wao uliliwa na chumvi. Wanawake wakaupokea wakicheka kwa dharau, wakampelekea Nyaling habari.

"Tunaula mchele wake, Shangazi, lakini gololi zetu za kura ni zako."

"Kuleni," alisema Nyaling. "Tumbo halina chama."

Siku ya kura shuleni kulipambazuka na foleni. Hema la turubai lilikuwa limesimamishwa darasani, na ndani yake mapipa mawili, kila moja na shingo yake ya bomba. Mtu anachovya kidole wino, anapewa gololi, anaingia peke yake, anatumbukiza. Gololi inagonga kengele ndani: ngii! Ikishalia mara moja, mchanga wa chini unaipokea kimya. Wote walio nje wanasikia kwamba umepiga kura, lakini pipa gani, hiyo ni baina yako na Mola. Kengele za mapipa yote hulia sauti moja, kama wajane.

Mbele ya Nyaling foleni ilikuwa na mzee mmoja mrefu, mwembamba kama fimbo ya kuchokolea maembe, ameshika baiskeli. Huyo ni Jegan Ngom, Mserer aliyekuja zamani kukausha samaki kwa moshi ukingoni mwa mto, akasahau kuondoka. Kwa hiyo alikuwa mtani wa kijiji kizima. Maana Waserer na Wajola ni watani tangu wale dada wawili, mabibi wa makabila haya, walipopasukiwa na mtumbwi, kipande kimoja kikaelea kaskazini na kingine kusini. Mtani anaweza kukuita mtumwa, akala samaki mkubwa kwenye bakuli lako, akakuambia mbele ya wakwe kwamba una kichwa cha kiboko, na wewe huna ruhusa ya kukasirika.

"Mzee," askari wa mlangoni alisema, "baiskeli hairuhusiwi hapa. Kengele yake itatuchanganya, itaonekana watu wanapiga kura mbili mbili."

"Kengele?" Jegan akainua usukani. "Kengele gani, mwanangu? Kengele yake waliiba Wajola tangu juzi ya mwaka juzi. Labda waliipeleka kwenye haya mapipa yenu."

Foleni ikacheka. Akaenda kuiegemeza baiskeli mbali, akarudi, akamwona Nyaling amesogea kwenye nafasi yake.

"Ala! Mjakazi wangu huyu! Ametoroka tena."

"Nani mjakazi wako, wewe mzee wa kunuka moshi?" Nyaling akamjibu, mikono kiunoni, maana watu walikuwa wanatazama na mgombea hapaswi kushindwa mbele ya watu. "Babu yangu alimnunua babu yako kwa kikapu cha chaza. Usiku ule ule akaenda kudai arudishiwe chaza zake."

"Kweli. Na chaza zilikuwa zimeoza, kama kawaida ya Wajola."

"Zilioza kwa kumwona babu yako."

Watu wakashika mbavu. Jegan akaona vicheko vinamkimbilia Nyaling, akataka kuvirudisha. Akapiga goti moja vumbini, akanyoosha viganja kama mwombaji wa msikitini, akasema kwa sauti ya kulia:

"Basi mjakazi wangu mpenzi, leo nakuomba kitu kimoja tu. Gololi yako. Uitie kwenye pipa la jogoo. Naomba kwa jina la mtumbwi."

Wengi waliendelea kucheka. Wazee wachache wakanyamaza kidogo. Mtani akikuomba hivi hivi, ni mchezo. Akiutaja mtumbwi, ombi halirudishwi. Atakayelirudisha tumbo litamvimba mpaka azikwe nalo. Ila kuna mlango wa kutokea, na kila mtoto wa Foni, nchi ya Wajola, anaujua: nawe unaomba chako papo hapo, kwa jina la mtumbwi huo huo, na maombi mawili yanafutana, kila mtu anakwenda zake.

Nyaling alifungua mdomo amwombe Jegan ndevu zake.

"Anayefuata!" karani akaita. "Mama, kidole."

Akashikwa mkono, akachovywa wino, akawekewa gololi kiganjani, akasukumwa taratibu ndani ya hema. Alipogeuka, pazia lilikuwa limekwisha kuanguka.

Humo ndani mlikuwa na joto na harufu ya rangi mpya. Picha yake mwenyewe ilimtazama kutoka kwenye pipa la zambarau ikiwa na tabasamu ambalo hakukumbuka kulitoa. Yusufa naye alimtazama kutoka kwenye jeupe. Nyaling akasimama. Nani ataona? Hakuna. Kengele itasema? Haisemi. Lakini aliona pia tumbo la shangazi wa baba yake, aliyemnyima Mserer kuku, na jinsi walivyolazimika kuchonga jeneza lenye mgongo. Akasikia nje watu wake wanacheka, foleni nzima, mpaka lango la shule, wanawake wa bustani na vitambaa vya zambarau vichwani. Moyo wake ukapanuka. Gololi moja ni nini? Mwenye mto hamnyimi mtu kata moja. Akaitia kwenye pipa la Yusufa kwa madaha, kama anayemtupia maskini mfupa.

Ngii!

Akatoka akicheka. Jegan aliingia baada yake, ngii, akatoka, akaenda kwenye baiskeli yake. Watu walikuwa wengi, hawakusemezana tena.

Magharibi ilipoingia walileta sinia za kuhesabia, zile za mbao zenye matundu, kila tundu gololi yake. Pipa jeupe likapinduliwa kwanza. Zikamwagika kama mvua ya mawe, wakazipanga, sinia ikajaa, wakaleta nyingine. Kombeh alikuwa wakala wa Nyaling, ameketi kwenye benchi la watoto na kitambulisho shingoni. Kadiri sinia zilivyojaa ndivyo alivyozidi kuvitazama vidole vyake vya miguu, kana kwamba anaviona mara ya kwanza.

Likaja pipa la zambarau. Msimamizi akalipindua, ukatoka mchanga. Akaligonga matako. Ikatoka gololi moja, ikabingirika sakafuni mpaka chini ya dawati, na kijana mmoja akapiga magoti kuitafuta. Msimamizi akatia mkono ndani ya pipa mpaka kwapani, akapapasa, akautoa.

"Zambarau," alisema, na alikuwa mtu mwenye adabu, maana alikohoa kwanza. "Moja."

Hakuna aliyecheka darasani. Nje, ndiyo, mtu mmoja alisema, "Angalau mwenyewe hakujisahau," na Nyaling akaisikia, na wote wakaisikia. Vijiji vingine vya jimbo vilimpa kura za kuhesabika. Cha kwake kilimpa moja. Yusufa akarudi Banjul na sauti yake nzuri.

Kuanzia kesho yake uani pakawa peupe. Si kwamba walimchukia. Ni aibu. Wanawake waliokuwa wakipita mlangoni kwake kwenda bustanini waligundua njia ya nyuma, ndefu, yenye miiba. Aliyeshindwa kukwepa alisalimia kutoka mbali huku anatembea kinyumenyume. Nyaling akapika kwa mazoea sufuria zima la domoda, mchuzi wa karanga wenye nyanya chungu, akangoja. Jioni akalifunika. Kesho yake akalimwagia mbuzi wa jirani, na mbuzi naye alikula haraka haraka, akaondoka bila kumtazama.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo kijiji hakikulijua. Kijiji kilidhani ile moja ni ya kwake. Yeye peke yake katika dunia nzima ndiye aliyejua kwamba si yake.

Kwa hiyo yuko mtu.

Wazo hilo lilimjia akiwa amelala chali, likamkalisha. Yuko mtu mmoja Kabakori aliyeingia kwenye joto lile, akawatazama wote wawili, akamchagua yeye. Hakusema kwa yeyote. Huenda hata sasa yuko nyumbani kwake anaona haya kwamba alikuwa peke yake. Nyaling alikwisha kuamua kurudi Bakau kwenye nyumba yake iliyofungwa. Nani atakaa mahali ambapo mbuzi wanamkwepa? Lakini sasa hakutaka kuondoka kabla ya kumjua mtu huyo. Amwone uso, amshike mkono. Au akae kwa ajili yake, hilo pia lilikuwemo, ila hakujiambia wazi.

Akaanza kumtafuta kwa hila. Akaenda kwa alkalo, mkuu wa kijiji, kuazima shoka asilolihitaji. Akamtazama machoni. Mzee akatazama shoka. Akaenda kwa mkunga kuuliza dawa ya mgongo usiomuuma. Mkunga akamkanda kwa nguvu za mtu mwenye hatia. Akaenda kisimani saa ya watu, na kisima kikakauka watu kabla hajashusha ndoo. Kila uso aliouchungulia ulikuwa mlango umefungwa kwa ndani. Angeuliza vipi? Kuuliza ni kukiri kwamba gololi yake mwenyewe alimpa Yusufa, na habari hiyo ingefika kwa Waserer wote mpaka mdomo wa mto, wangemcheka hadi wajukuu.

Akashindwa. Jioni moja alimwita Kombeh, akamwambia yote. Mtumbwi, hema, karani, gololi.

Kombeh alisikiliza mdomo wazi. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, akakaa kimya. Kidogo tu, kama mtu anayekagua samaki kabla ya kununua. Halafu akamshika mkono.

"Wifi," alisema. "Ilikuwa yangu."

Nyaling akamtazama. Machozi yakamjaa.

"Yako?"

"Ya nani mwingine? Mimi si wakala wako? Niliona haya kusema. Watu wangesema najipendekeza."

Wakakumbatiana. Usiku huo Nyaling alilala kama aliyeogeshwa. Ilikuwa Kombeh. Hapo hapo ukuta wa pili! Akajilaumu kwa kumtafuta mbali.

Alfajiri mlango ukagongwa. Ni mkunga, na kuku kwapani.

"Shangazi, Kombeh kanisimulia. Sasa naweza kusema, maana moyo ulikuwa unanichoma. Ile gololi ilikuwa yangu."

Kabla hajajibu, wakaja wawili wa bustanini, kila mmoja akimsukuma mwenzake nyuma. Yangu, Shangazi. Usimsikilize, yangu. Alkalo akaja na mkongojo, akasema mwenye cheo chake haruhusiwi kutaja, lakini Shangazi ni mtu mzima, ataelewa. Mwalimu mkuu akasema. Muuza mafuta ya taa akasema, na kila mtu alijua kwamba siku ya kura alikuwa Senegali. Adhuhuri ua ulijaa tena kama wakati wa kampeni, birika likawekwa mekoni, wakagombana kwa sauti gololi ile ilikuwa ya nani, na mmoja akasema kwa huruma, "Usivunjike moyo. Kuna wale watano wa kuteuliwa. Nani ajuaye? Rais naye ni mtoto wa mama."

Hata Yusufa Tamba alipiga simu kutoka Banjul. "Shangazi," alisema kwa ile sauti, "siasa ni siasa, lakini ndani ya hema nilikukumbuka." Yusufa hakupiga kura Kabakori. Kijiji chake ni cha pili baada ya mto.

Nyaling akawamiminia ataya wote. Akawatazama mmoja mmoja, midomo inavyokwenda. Mmoja wao labda anasema kweli. Lakini ukweli ukichanganywa na uongo wa rangi moja nao, utauchambua kwa ungo gani? Akamtazama Kombeh, aliyekuwa akigawa vikombe bila kuinua macho. Kile kimya cha jana jioni, cha mkagua samaki, sasa alikielewa. Au hakukielewa. Ndilo lililokuwa baya zaidi. Asubuhi ya jana hakuna aliyedai gololi, naye alikuwa na mtu mmoja. Leo imedaiwa na kijiji kizima, na hana hata huyo.

Walipoondoka, alifunga mzigo. Nguo, picha ya marehemu, bakuli, upawa. Gari la Bakau lingepita asubuhi. Akaketi mlangoni na mzigo wake, jua likishuka, akasikia baiskeli inasukumwa.

Jegan Ngom alisimama langoni. Amefungia nyuma ya baiskeli samaki watatu wa moshi kwa ukindu. Hakumwita mjakazi. Hakusema lolote juu ya kichwa chake. Mtani aliyekosa utani ni kama maiti aliyekaa.

"Umefiwa?" Nyaling aliuliza.

"Nimesikia habari."

"Wewe ndiwe wa mwisho. Haya, sema. Sema na wewe ni yako, nikuvunje hicho kiuno."

"Si yangu."

Nyaling akausogeza mzigo kando.

"Mimi nilimpa jogoo," Jegan alisema, akitazama gurudumu lake. "Alinipa turubai la kibanda cha moshi. Mvua ilikuwa inanilowesha samaki."

"Kwa jina la mtumbwi?"

"Kwa jina la mtumbwi."

Likapita kundi la kunguru. Nyaling akasema polepole, "Basi uliniomba ile gololi kweli."

"Kweli wapi! Nilikuwa nakutania! Nilingoja uniombe ndevu, tutukanane, tuingie. Mara nikaona unavutwa kidole. Nikasema, ah, atanitukana akitoka. Ukatoka unacheka. Nikadhani utani umekwisha."

"Uliutaja mtumbwi, Jegan."

"Ulimi uliteleza! Watu wakicheka ulimi wangu hukimbia kama mbwa aliyefunguliwa. Nani angedhani kwamba mtu anayetaka Bunge ataingia ndani, hakuna amwonaye, ampe mpinzani wake kura kwa ajili ya mkausha samaki? Ni mtu gani wa kufanya hivyo?"

"Mjola."

Jegan akafikiri. "Mjola," akakubali kwa huzuni.

Na hapo Nyaling akacheka. Kicheko kilimtoka puani kwanza, kibaya, kama kikohozi, kisha kikampata mwili mzima, akajishika kwenye nguzo. Jegan hakujua acheke au aombe radhi, akafanya vyote viwili. Tangu siku ya kura hakuna mtu aliyemwambia usoni kwamba hakumpa. Neno lenyewe lilikuwa chungu, lakini angalau lilikuwa na mtu ndani yake.

"Ingia," alisema akijifuta macho. "Umekuja na samaki, hukuja kuwaonyesha tu. Kuna wali wa mchana."

Akafungua mzigo, maana bakuli lilikuwa chini kabisa. Akatoa nguo, akatoa picha ya marehemu akaiegemeza ukutani, akatoa upawa, akatoa bakuli. Vitu vikatapakaa mlangoni. Wakakaa mkekani, bakuli katikati, na Jegan akamchukua samaki mkubwa bila kuuliza, kama ilivyo haki yake.

"Lakini basi ni nani?" Nyaling aliuliza.

"Mimi sijui." Jegan alitafuna, akatoa mwiba. "Nikuambie ninavyodhani? Hutapenda."

"Sema. Nimekwisha kuzoea kutopenda."

"Labda ni mtu aliyekosea pipa. Kikongwe asiyeona vizuri. Alitaka jogoo, gololi ikamponyoka."

Nyaling aliurudisha wali uliokuwa kiganjani. Hilo hakuwa amelifikiria. Aliligeuza kichwani mara moja, mara ya pili, likawa linauma kila upande. Mkono wa kizee, unatetemeka, unaelekea kwa Yusufa, unakosea. Na hata hivyo kati ya mikono yote ya Kabakori, huo ndio uliomfikia.

"Mkongwe gani?" alisema.

"Nitajuaje? Wako wengi."

Njiani, ng'ambo ya ua, akapita mtu na beseni kichwani. Jua lilikuwa nyuma yake, sura haikuonekana. Ile ilikuwa njia ya mbele, ya siku zote, si ya miiba.

"Kasumai?" Nyaling akamwamkia kwa Kijola, akiinuka kidogo mkekani.

"Kasumai keb," sauti ya kike ikajibu, wala haikusimama.

Nyaling akaifuata kwa macho mpaka penye kona ya ua wa alkalo. Baada yake akapita mzee na mbuzi wake, naye akamwamkia, akamfuata kwa macho hivyo hivyo. Kisha wasichana wawili. Kisha hakuna mtu.

"Unamtafuta nani huko?" Jegan aliuliza.

"Kula samaki wako," Nyaling alisema, akabaki ametazama njia.